Anzia Kwenye Injini, Malizia Kwenye Tangi: Mwongozo Kamili wa Kuitambua Pikipiki ya Kale kwa Picha

Mtu akiletewa picha ya zamani yenye pikipiki, jicho lake hukimbilia tangi, kwa kuwa hapo ndipo jina la kampuni linapoandikwa. Hapo pia ndipo wengi wanapopotelea. Tangi hufunguliwa kwa dakika chache, hupakwa rangi upya, huhamishiwa pikipiki nyingine, na jina lolote linaweza kubandikwa juu yake na fundi mwenye brashi nzuri. Kasha la krenki, yaani sanduku la chuma lililo chini ya silinda, halibadilishwi hivyo, wala fremu, kwa sababu vimetengenezwa kushikana na kila kitu kingine. Kwa hiyo mwongozo huu unakwenda kinyume na jicho: unaanza na injini, unafuata njia ya nguvu hadi gurudumu la nyuma, unapima umri kwa vipuri vilivyofungwa, na jina lililo kwenye tangi linaachwa liwe shahidi wa mwisho kuitwa.

Kabla ya pikipiki, ichunguze picha yenyewe

Kama una picha ya karatasi, iskani kwa nukta 1200 kwa inchi au karibu na hapo, si kwa kuipiga picha kwa simu chini ya balbu. Kisha kata vipande vitatu vya kukuzwa peke yake: injini, uma wa mbele (vyuma vinavyoshika gurudumu la mbele), na kitovu cha gurudumu la nyuma. Ongeza mwanga kwenye vivuli tu. Mara nyingi eneo jeusi chini ya tangi ndilo linaloficha magneto (kifaa kinachotoa umeme wa cheche), giaboksi na maandishi yaliyochongwa kwenye chuma.

Pili, hakikisha picha haijageuzwa kulia kwenda kushoto, jambo linalotokea sana kwa picha zilizotoka kwenye negativu za kioo. Niliwahi kupoteza jioni mbili nikitafuta pikipiki ya Kiingereza ya miaka ya 1950 yenye kiki upande wa kushoto na mfuniko wa gia za valvu upande huohuo, nikajiaminisha kwamba nimeangukia kitu cha nadra sana. Baadaye ndipo nikatazama koti la mpandaji: vifungo vilikuwa upande usio wake. Koti la kiume hufungwa upande wa kushoto ukiwa juu ya wa kulia, na pikipiki za Triumph, BSA na Norton za wakati ule zina kiki na mfuniko huo upande wa kulia. Nilipoigeuza picha, ile nadra yangu ikawa pikipiki ya kawaida kabisa ambayo ningeitambua mara moja. Herufi za namba ya usajili, saa ya mkononi na vibao vya maduka nyuma ya mpandaji hutoa ushahidi uleule.

Tatu, usiamini rangi. Filamu nyingi za mwanzo wa karne ya 20 hazikuona nyekundu, zikaigeuza karibu nyeusi, huku bluu ikitoka nyepesi. Pikipiki nyekundu ya Indian kutoka Springfield, Massachusetts, huonekana nyeusi tii katika picha nyingi za wakati wake, na mtu asiyejua hilo huitupa nje ya orodha papo hapo. Picha zilizotiwa rangi na programu za kompyuta ni mbaya zaidi, kwa kuwa programu inakisia tu. Ziko pia picha zilizobuniwa nzima na programu hizo. Hizo zikamate kwa kufuata cheni kwa kidole: katika pikipiki ya kweli cheni ina mahali inapotoka na mahali inapofika, na bomba la moshi huanzia kwenye silinda.

Hesabu silinda, kisha tazama zimelalaje

Hapa ndipo pa kukaa muda mrefu kuliko penginepo, maana mpangilio wa silinda peke yake hupunguza mamia ya majina hadi machache.

Silinda moja iliyosimama ndiyo ya kawaida na ndiyo ngumu, kwa kuwa karibu kila mtengenezaji alikuwa nayo. Ila ikiwa imelala mbele, kichwa chake kikielekea gurudumu la mbele, na pembeni kuna flaiwili kubwa (gurudumu zito linalotuliza mzunguko wa injini) inayozunguka wazi bila mfuniko, fikiria kwanza Moto Guzzi ya Mandello del Lario, Italia. Kampuni hiyo ilianza mwaka 1921 na kuendelea na umbo hilo kwa miongo mingi.

Silinda mbili zenye umbo la herufi V zipimwe pembe. Tafuta picha iliyopigwa ubavuni moja kwa moja, chora mstari katikati ya kila silinda, kisha weka kipima-pembe pale mistari inapokutana. Harley-Davidson ni nyuzi 45, Indian ni 42, na Vincent za baada ya Vita vya Pili vya Dunia ni 50. Tofauti ya 42 na 45 haipimiki kwa picha iliyopigwa kwa mshazari, kwa hiyo usiitegemee peke yake. Mtego wa kweli ni Matchless Silver Arrow ya 1930: pembe yake ni nyuzi 26 tu, na silinda zote mbili ziko ndani ya bonge moja la chuma, hata ukiitazama haraka utaapa kwamba ina silinda moja pana. Ndugu yake Silver Hawk ya 1931 ina silinda nne zilizobanwa vivyo hivyo.

Silinda mbili zilizolala kinyume, moja huku na moja kule, zinataka swali la ziada: zimelala kufuata urefu wa pikipiki au zimetoka nje kwenye mbavu? Zilizofuata urefu ni desturi ya Douglas ya Bristol, lakini wapo wengine: Harley-Davidson Sport ya 1919, Indian Model O ya 1917, na Wajerumani wa mwanzo wa miaka ya 1920 kama Victoria na Helios, ambazo zote mbili zilifungwa injini iliyotengenezwa na BMW kabla BMW yenyewe haijaanza kuuza pikipiki. Mars ya wakati huohuo hujitangaza kwa fremu yake ya mabati yaliyofungwa kwa ribiti na injini ya Maybach. Zilizotoka mbavuni watu huziita BMW bila kufikiri, kwa sababu ya R32 ya 1923 iliyochorwa na Max Friz, yenye shafti (mhimili wa chuma unaozunguka) badala ya cheni. Lakini Mwingereza Granville Bradshaw alikuwa ameshazitoa mbavuni kwenye ABC ya 1919 iliyojengwa na kiwanda cha ndege cha Sopwith, na hiyo ina cheni. Kipande kimoja cha cheni kwenye picha yenye ukungu kinatosha kukutoa Ujerumani kukupeleka Uingereza.

Silinda nne zilizopangwa kufuata urefu ni raha ya mchunguzi, kwa kuwa waliojenga walikuwa wachache na kila mmoja ana alama yake. FN ya Herstal, Ubelgiji, ilianza mwaka 1905 ikiwa na shafti na silinda nyembamba zinazosimama kila moja peke yake. Pierce ya Marekani ya 1909 ina fremu ya mabomba manene kuliko kawaida, kwa kuwa mabomba hayo yenyewe ndiyo yaliyobeba mafuta. Henderson ya Detroit, ya 1912, ina cheni. Mwanzilishi wake William Henderson aliiacha kampuni hiyo baada ya kuuzwa, akaanzisha Ace, na Ace ikanunuliwa na Indian mwaka 1927, ndiyo maana injini ya Indian ya silinda nne hufanana na Ace kama mtoto na mzazi. Ukiona Indian ya silinda nne ambayo mabomba yake ya moshi yanatokea juu na kabureta iko chini, umepata ya 1936 au 1937, muundo ambao wanunuzi waliukataa upesi. Nimbus ya Denmark ya toleo la Model C, lililoanza mwaka 1934, inatambulika kwa springi za valvu zilizoachwa wazi juu ya kichwa cha silinda na kwa fremu ya vyuma bapa. Windhoff ya Berlin ya 1927 haina fremu hasa. Injini inayopozwa kwa oili ndiyo inayobeba kila kitu. Ariel Square Four haimo katika ukoo huu: silinda zake zimepangwa mbilimbili kama miguu ya meza, na ubavuni huonekana kama silinda mbili nene.

Scott ya Yorkshire iweke kundi lake. Ukiona radieta chini ya usukani kwenye pikipiki ya kabla ya 1930, flaiwili katikati ya injini na mfuniko wa duara kila upande wa kasha la krenki, usitafute zaidi. Ziko nyingine ambazo hazihitaji hata kuhesabiwa silinda. Megola ya Munich, ya 1921 hadi 1925, ina silinda tano zilizopangwa kama nyota ndani ya gurudumu la mbele, zikizunguka pamoja na gurudumu. Böhmerland ya Wacheki ina urefu unaokaribia mita 3.2 katika toleo lake refu, inabeba watu watatu, na ina matangi ya petroli kando ya gurudumu la nyuma. Ner-A-Car, iliyozaliwa Syracuse, New York, ni ndefu na ya chini, na madigadi yake ya mbele ni mapana kiasi kwamba huuoni uma kabisa, kwa kuwa haina uma wa kawaida.

Nguvu inafikaje nyuma

Mkanda, cheni au shafti: hili ni swali fupi lenye jibu lenye thamani. Mkanda hutambulika kwa rimu ya pili kubwa, karibu sawa na rimu ya tairi yenyewe, iliyofungwa kwenye spoku za gurudumu la nyuma. Ulitoweka hatua kwa hatua katika miaka ya 1920. Katikati ya mabadiliko hayo palikuwa na pikipiki zenye cheni kutoka injini hadi giaboksi na mkanda kutoka giaboksi hadi nyuma, kwa hiyo ukiona cheni, fuata hadi mwisho kabla ya kuhitimisha.

Umri: kipuri kichanga ndicho kinachosema

Kanuni ni moja. Picha haiwezi kuwa ya zamani kuliko kipuri kichanga zaidi kinachoonekana ndani yake, na pikipiki yenyewe inaweza kuwa ya zamani kuliko vipuri vyake kwa miaka mingi.

Tazama tangi kwa umbo lake, bado si kwa jina. Tangi la kale ni bapa, limebanwa kati ya vyuma viwili vya juu vya fremu. Kuelekea 1929 viwanda vingi vya Uingereza vilihamia tangi linaloipanda fremu kama tandiko linavyompanda punda. Walikuwapo waliotangulia: Brough Superior ya Nottingham ilikuwa na tangi hilo lenye pua ya mviringo tangu mwanzo wa miaka ya 1920, na ndiyo maana mara nyingi huonekana changa kuliko umri wake.

Kisha uma wa mbele. Fremu ndogo yenye springi moja au mbili katikati ni ya kabla ya Vita vya Pili vya Dunia katika pikipiki nyingi. Mabomba mawili yanayoteleza ndani kwa ndani, kama ya bodaboda za leo, yalionekana Nimbus mwaka 1934 na kwa majimaji katika BMW R12 ya 1935, lakini Waingereza wengi waliyapata baada ya 1945. Nyuma, pikipiki isiyo na shokapu yoyote ndiyo ya zamani. Zikafuata vibomba vifupi vya springi vilivyosimama kila upande wa ekseli, ambavyo BMW ilivitoa mwaka 1938, kisha mkono unaopanda na kushuka wenye shokapu mbili, uliokuwa wa kawaida kufikia katikati ya miaka ya 1950. Breki za ngoma zilienea katikati ya miaka ya 1920. Taa za karabai zenye kopo la gesi lililofungwa fremuni ni za kabla ya taa za umeme kuenea, ingawa mtu wa kijijini aliweza kuitumia taa yake miaka kumi baada ya mjini kuiacha.

Injini ya kununuliwa

Hapa naomba msomaji asiruke. Viwanda vingi vidogo vya Uingereza na Ulaya havikutengeneza injini. Vilinunua kutoka JAP ya Tottenham, Blackburne, Villiers ya Wolverhampton au MAG ya Uswisi, vikaifunga kwenye fremu yao na kuandika jina lao. Hivyo herufi JAP zilizochongwa kwenye kasha la krenki zinakuambia nani alitengeneza injini, na hapo kazi ndiyo kwanza inaanza. Flaiwili kubwa ya nje kwenye injini ya wima ya Kiingereza inaelekea Blackburne, na sahani kubwa ya mviringo ubavuni mwa injini ndogo ya mipigo miwili inaelekea Villiers. Baada ya hapo fremu ndiyo inayoamua: mabomba yanakutana wapi chini ya kiti, je, yanapita chini ya injini au injini yenyewe ndiyo inayoyaunganisha, na kichwa cha usukani kimeshikiwa kwa pembe gani. Linganisha na picha za katalogi za mwaka uleule. Magazeti ya pikipiki ya wakati ule, kama The Motor Cycle la Uingereza lililoanza 1903, yalichapisha picha za ubavuni za matoleo mapya kila mwaka, na hayo ni bora kuliko picha za pikipiki zilizofanyiwa ukarabati majuzi.

Namba ya usajili na jina

Namba ya Uingereza husema mahali iliposajiliwa, si mahali pikipiki ilipotengenezwa. Brough Superior aliyokuwa akiiendesha T. E. Lawrence, afisa Mwingereza maarufu kama Lawrence wa Arabia, alipopata ajali iliyomuua mwaka 1935 ilijengwa Nottingham, lakini namba yake ilikuwa GW 2275, na GW ni ya London. AE na HT ni za Bristol. Kibao kilichopindwa kufuata madigadi ya mbele kilikuwa lazima huko hadi 1975, kwa hiyo kukikosa kwenye pikipiki ya Kiingereza ni dalili kwamba huenda picha ilipigwa nchi nyingine.

Sasa ndipo usome jina kwenye tangi, na ulipime dhidi ya yote uliyokwisha kuandika. Pale pesa ilipo nyingi, jina hudanganya zaidi. Vincent Black Shadow ya 1948 na kuendelea ina injini iliyopakwa rangi nyeusi ya kuokwa na saa kubwa ya mwendo inayofika maili 150 kwa saa. Rapide, dada yake, ina injini ya alumini isiyopakwa. Saa hiyo huhamishika kwa spana, rangi nayo hupakwa, kwa hiyo kwa picha pekee andika “Vincent ya silinda mbili” na uishie hapo. Kwa BMW za Vita vya Pili vya Dunia, makosa ya kawaida ni kuita BMW kila kitu chenye silinda mbavuni na kigari cha pembeni. M72 ya Kisovieti ilinakili BMW R71, na Chang Jiang ya China ikafuata ukoo huohuo. R75 halisi ya jeshi la Ujerumani ina valvu za juu na haina shokapu nyuma. M72 ina valvu za pembeni, kwa hiyo mfuniko wa kichwa chake ni bapa, na nyuma ina vile vibomba vya springi.

Picha moja, mwanzo hadi mwisho

Bi mmoja aliniletea picha ya marehemu babu yake akiwa amesimama kando ya askari wa Kiingereza aliyekalia pikipiki. Nyuma palikuwa na neno moja kwa penseli: Tanga. Waingereza waliingia Tanga Julai 1916, katika Vita vya Kwanza vya Dunia, basi picha haiwezi kuwa ya kabla ya hapo kama askari ni wa kwao na mahali ni hapo kweli.

Vifungo vya askari vilikuwa upande wake. Nilipoikuza injini, chini ya tangi palionekana mapezi ya kupozea mahali pawili, mbele na nyuma, na katikati palikuwa na kitu cheusi cha mviringo: silinda mbili zilizolala kufuata urefu na flaiwili ya nje. Tangi lilikuwa bapa. Triumph Model H, iliyokuwa mikononi mwa askari wengi wa Uingereza wakati ule, ikatoka, kwa kuwa ina silinda moja ya wima. Zikabaki Douglas na wenzake. Gurudumu la nyuma lilikuwa na rimu ya pili, yaani mkanda, na hiyo ikaiondoa Harley-Davidson Sport, ambayo cheni yake imefunikwa na ambayo isitoshe ilikuja mwaka 1919. Indian Model O nayo ni ya cheni. Wajerumani wa 1920 hawakuwa wamezaliwa, kama askari yule ni wa wakati wa vita. Chini ya silinda ya nyuma palikuwa na bonge dogo, mahali Douglas ya nguvu-farasi 2¾ inapobeba giaboksi yake. Douglas kubwa zaidi, ya nguvu-farasi 4, ilitumika sana na kigari cha pembeni, na hapa hapakuwa na kigari wala vishikio vyake, na silinda zilikuwa fupi zikilinganishwa na gurudumu.

Tangini palikuwa na herufi tatu tu zilizosomeka, “ugl”, nyingine zimefunikwa na goti la askari. Nilifurahi kuziona mwisho. Ningeziona mwanzo, nisingetazama mkanda.

Nilimwandikia Bi yule jibu kwa ngazi tatu, na ndivyo ninavyoandika kila jibu: lililo hakika, linaloelekea kuwa hivyo, na lisilojulikana. Hakika: Douglas yenye silinda mbili zilizolala. Inaelekea: nguvu-farasi 2¾, picha ya kati ya Julai 1916 na mwisho wa vita. Halijulikani: jina la askari, na kwa nini babu ameshika kofia yake kifuani. Akaniuliza aandike wapi, nikamwambia aandike nyuma ya picha, pembeni kabisa, kwa penseli laini bila kukandamiza, kwa sababu kalamu ya wino hupenya hadi upande wa mbele.